Sauti Niliyoiazima kwa Mwavita

Ninyi vijana mnaotia sauti filamu kwa kompyuta pale Buzebazeba mmeniita mara tatu nije niwasimulie kazi yetu ilivyokuwa, na mara tatu nimewaitikia halafu sikutokea. Msione ni maringo. Mimi mbele ya watu ulimi hunishika tangu nikiwa msichana, na uzee haujaufungua. Lakini kuandika naweza. Daftari langu la siri nilianza kuliandika nikiwa kidato cha pili, na wiki hii nimelitoa sandukuni ili nisiwadanganye. Mengine humo ni aibu tupu. Nitawapa kama yalivyo.

Wakati ule sinema za Kihindi zilikuja Kigoma kwa treni, ndani ya masanduku ya bati, mikanda imechoka, imeungwa kwa gundi mahali pengi. Watu walizipenda kufa, ila walikuwa wanaangalia tu mikono na macho, kila mtu anajitungia hadithi yake. Mkitoka ukumbini wawili wanaweza kupigana kwa sababu mmoja anasema yule mwanamke alikuwa dada mtu na mwingine anasema alikuwa mke. Ndipo Mzee Bilali akaanzisha kazi ya kuzitia Kiswahili. Mzee Bilali alikuwa mtu wa Ujiji, jirani yetu, na ujana wake wote alikuwa karani katika duka la Mhindi. Kihindi alikisema mpaka wenyewe wakimsikia bila kumwona wanamjibu kama ndugu yao.

Tulikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, si mbali na stesheni. Kutani tulining'iniza mablanketi ili sauti isirudi. Fundi wa mashine alikuwa Kagoma, Muha wa Kasulu, mtu wa mzaha, asubuhi anaingia na "mwakeye" yake kwa sauti kubwa kama anasalimia soko zima. Yeye anazungusha mkanda, sisi tunaangalia ukutani na kusema, kinasa sauti kinanasa kwenye utepe. Siku ya maonyesho, sauti ya mkanda inapunguzwa na utepe wetu unapigwa kwenye spika. Zikifika nyimbo tunairudisha sauti ya Kihindi. Mzee Bilali alisema hakuna mtu wa Ujiji anayetaka wimbo utafsiriwe, na alisema kweli.

Ninyi mnabonyeza kitufe, sauti na picha vinakwenda pamoja. Sisi tulikuwa na kidole cha Kagoma. Alipaka alama ya chaki kwenye mkanda na nyingine kwenye utepe, akaviondosha pamoja, kisha maonyesho yote anasimama kidole chake kikiwa karibu na gurudumu la utepe. Utepe ukitangulia analigusa kidogo, lile gurudumu linapunguza mwendo. Akilipatia sawasawa, mdomo na neno vinaoana. Safari moja kule Uvinza jenereta lilinyweshwa dizeli yenye maji, likawa linakohoa, na kidole cha Kagoma hakikufua dafu. Hakimu akawa anatoa hukumu kwa sauti yangu ya bibi harusi, na farasi akamwomba baba yake radhi. Watu wa Uvinza walicheka mpaka wakalala chini. Mwezi uliofuata wakaandika barua kuomba turudi na sinema ile ile "yenye farasi".

Jambo jingine ni mdomo wa mwisho. Mzee Bilali hakuhangaika na kila neno. Alikuwa anaangalia mtu wa kwenye picha anamaliza kusema mdomo ukiwa wazi au umefungwa, halafu anatafuta Kiswahili kinachoishia vile vile. Katikati hapo jaza utakavyo, alisema, macho ya mtu hukumbuka mwisho. Anagonga vidole mezani, moja, mbili, tatu, nne, na sentensi yako lazima iishe kwenye kidole cha nne. Jaribuni. Bado inafaa hata kwenye kompyuta zenu.

Makosa pia tulifanya. Siasa ya Ujamaa ilikuwa imepamba moto, na siku moja Mzee Bilali akamgeuza tajiri wa kwenye sinema kuwa kabaila. Katibu wa tawi alisimama akapiga makofi peke yake. Basi tukanogewa. Kila mtu mbaya akawa kabaila, mpaka ikatokea sinema tukamwita kabaila mwizi mmoja asiye na viatu, anayelala darajani. Mzee mmoja pale ukumbini akauliza kwa upole, "Huyu naye kabaila wa nini, wa daraja?" Tukaacha.

Sasa mimi niliingiaje. Kati ya ua wetu na wa Mzee Bilali palikuwa na uzio wa matete. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nangoja majibu. Siku hiyo alisikia wanawake watatu wakigombana uani kwetu, akaja mbio kusuluhisha, akanikuta peke yangu na masufuria. Nilikuwa naiga. Mbele ya watu sisemi, lakini nikiwa peke yangu nina watu tele. Nilitaka ardhi ifunguke. Yeye akakaa kwenye kinu, akaniambia, "Binti Feza, hebu wagombanishe tena."

Daftari la siku ile linasema: "Leo nimeulizwa kama nataka kazi ya kusema. Mimi. Nimecheka mpaka nimelia. Baba amesema msichana hawezi kutamka mapenzi kwenye spika. Mzee Bilali amemwambia hataonekana. Baba amefikiri, akauliza, hata kidogo? Mzee akasema hata ukucha."

Wakanitundikia kanga katikati ya chumba. Mimi nyuma yake na maikrofoni yangu na kitundu cha kuchungulia picha, wao mbele. Nyuma ya ile kanga niliweza kila kitu. Kagoma aliniita Bi Kanga.

Ila sauti zangu sikuzibuni. Mimi nilikuwa naazima. Mama mkwe mkorofi nilimpa sauti ya mama mmoja aliyekuwa akiuza migebuka pale ufukweni, yule ambaye ukigusa samaki bila kununua anakusimulia ukoo wako. Malkia nilimpa ya mwalimu wetu wa sayansikimu. Mzee Bilali aliligundua hilo siku ya pili tu, akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema, "Azima, sikukatazi. Ila kila sauti uniambie ni ya nani. Mimi ndiye ninayejua mkanda unakwenda wapi." Nikamwambia zote, isipokuwa moja.

Mwavita tulikaa naye dawati moja miaka mitatu. Alilelewa kwa mjomba wake hapa Ujiji ili asome, wazazi wake wakiwa kusini, kando ya ziwa. Likizo moja alipanda boti ya injini kwenda kwao, boti ikapinduka. Walipatikana wengi, wengine hawakupatikana, na Mwavita alikuwa katika hao wengine. Mjomba akahamishiwa Tabora. Shuleni wakampa nafasi yake msichana mwingine kwenye zamu ya kufagia, na maisha yakaendelea, jambo ambalo mimi lilinishangaza sana.

Ilipokuja sinema ya binti aliyetoroka nyumbani, anayerudi baada ya miaka na kugonga mlango wa mama yake, nilifungua mdomo nyuma ya kanga ikatoka sauti ya Mwavita. Sikuwa nimepanga. Mwavita kabla ya kusema "mama" alikuwa anavuta pumzi kidogo puani, kama mtu anayetaka kupiga chafya akaghairi. Nikaivuta hivyo hivyo. "Mama, ni mimi. Nimerudi. Nifungulie." Kagoma alisimamisha mashine. Mzee Bilali akauliza, "Hiyo ya nani?" Nikamwambia, "Nimeitunga." Daftarini nikaandika: "Nimemdanganya Mzee. Lakini nikisema vile namsikia, na nikimwambia ni ya nani atanikataza."

Sinema ile ilipendwa kuliko zote. Ilionyeshwa Kigoma, ikaenda Bangwe, ikapanda treni mpaka Kaliua. Kisha Kagoma akaichukua kwa meli, yeye na projekta na jenereta, kupita vijiji vipya vya kusini ambako watu walikuwa wamehamishiwa na Operesheni Vijiji. Huko alikuwa anaonyesha mchana, ndani ya ghala la kijiji, madirisha yamezibwa kwa magunia.

Aliporudi alitupa habari za safari huku tukinywa chai. Alisimulia vizuri, mikono inafanya kazi.

"Kule kijiji cha Sigunga bwana, mama mmoja amenipa kazi. Binti anagonga mlango, anasema nifungulie, huyu mama anasimama, anapita nyuma ya kitambaa kutafuta watu. Hakuona mtu. Akaja akachungulia ndani ya spika."

"Ndani ya spika," Mzee Bilali akarudia, chai inamtoka puani.

"Ndani kabisa. Nikamwambia mama, hawamo humo. Akaniuliza, basi huyu binti aliyesema yuko wapi? Nikamwambia yuko Kigoma, mzima wa afya, kila siku anakunywa chai na sisi."

Tulicheka sana. Na mimi nilicheka. Daftarini nimeiandika kama kichekesho, na pembeni nimechora mwanamke kichwa chake kimo ndani ya spika. Ule mchoro bado upo. Nimetaka kuuchana mara nyingi.

Meli iliyofuata ilimleta. Ilikuwa asubuhi, tunatayarisha sinema nyingine, hodi ikabishwa mlangoni. Akaingia mama mwembamba, kichwani ana kikapu, begani mkoba wa ukili. Akatusalimu vizuri, akatua kikapu. Kagoma akamtambua, akaanza kutabasamu.

"Mama wa Sigunga. Karibu. Leo umekuja kuiona spika ya mjini?"

"Nimemfuata mwanangu," akasema. "Uliniambia yuko hapa, mzima."

Tabasamu la Kagoma lilibaki pale pale usoni halina mwenyewe. Yule mama akafungua mkoba. Akatoa gauni la kitenge lililokunjwa, akatoa kandambili. Kikapuni mlikuwa na dagaa waliokaangwa na mafuta ya mawese. Akaviweka juu ya meza ya kinasa sauti, kimoja kimoja, akasema gauni huenda limembana, maana ni miaka miwili sasa. Halafu akaeleza kwa utulivu, kama mtu anayeeleza ofisini. Mwili haukuonekana, kwa hiyo yeye alikataa watu wakae matanga. Ndugu walimsema, mumewe alimsema. Siku ya sinema alimsikia mwanawe kwa masikio yake. Aliporudi nyumbani alichinja kuku wawili, akawaambia watu wote.

"Naitwa Mama Mwavita," akasema. "Mwiteni tu, mwambieni mama yake amekuja."

Mimi nilikuwa nyuma ya kanga. Nilikuwa naangalia kwa lile tundu dogo la kuchungulia, naona nusu ya uso wake. Kwa mara ya kwanza nikajua mtu anaweza kufanya jambo la kutisha huku amekaa kwenye kigoda, amevaa vizuri, anasifiwa.

Mzee Bilali alizima kinasa sauti. Kisha akasema bila kugeuka, "Feza. Ile sauti ni ya nani?"

Mama Mwavita akaisogeza kanga mwenyewe. Akaniangalia, akaangalia nyuma yangu, chini ya meza, nyuma ya mablanketi. Akauliza, "Mmemweka wapi?"

"Mama," Mzee Bilali akasema, "aliyesema ni huyu."

"Huyu si mwanangu."

"Si mwanao. Lakini aliyesema ni yeye. Feza, sema."

Nilijaribu. Naapa nilijaribu, haikutoka hata pumzi. Yule mama akaanza kukasirika, si kwangu, kwa wale wanaume. Akawaambia wasimfanye mjinga kwa sababu ametoka shamba, mtoto kama huyu hata salamu hajui kuitikia, atasema sinema nzima? Akaanza kuita jina mle chumbani, kuelekea dukani, kuelekea uani. "Mwavita. We Mwavita." Kagoma alikuwa ameuelekeza uso wake ukutani.

Nikairudisha ile kanga mahali pake, nikajificha, nikavuta pumzi puani. "Mama, ni mimi. Nimerudi. Nifungulie."

Akanyamaza kuita.

Baada ya muda akasema, "Tena." Nikasema tena. Akasema, "Tena." Safari ya tatu sauti yangu ilikatika katikati, ikatoka ya kwangu, ile nyembamba. Nadhani hapo ndipo alipojua. Nikasikia kigoda kinalia, amekaa.

"Ulimjua," akasema.

"Nilikaa naye dawati moja."

"Alikutuma?"

Sikuelewa anauliza nini. Leo naelewa. Alikuwa anatafuta mlango wa mwisho ulio wazi. Nikamwambia, "Hapana, mama. Ni mimi tu nilimkumbuka."

Treni ya mizigo ikapita yote stesheni. Kisha Mama Mwavita akaanza kukunja lile gauni, akalirudisha mkobani. Mzee Bilali alianza kumwomba radhi, akasema ataufuta utepe leo hii, akasema ofisi yetu itabeba lawama. Yule mama akamkatiza.

"Lawama nitafanyia nini? Mimi nimewaambia watu wote mwanangu yu hai. Siwezi kwenda kumuua tena kwa mdomo wangu. Atakwenda huyu akawaambie."

Mzee Bilali akasema angekwenda yeye, ni mtu mzima, watu watamsikiliza. Akasema mimi sijawahi kusimama mbele ya watu hata shuleni, ndiyo maana kanga ile iko pale. Mama Mwavita akamtazama. "Mwanangu alisema kwa kinywa cha huyu. Basi na kinywa hicho hicho kitawaambia."

Meli ilikuwa inarudi kusini baada ya siku tatu. Siku hizo alikaa kwetu Ujiji, akalala kitandani kwangu, mimi nikalala mkekani. Kwa baba na mama yangu alikuwa na adabu zote. Kwangu hakusema neno. Daftari la siku ya pili lina mstari mmoja: "Anakula vizuri. Hilo linanitisha kuliko kama angelia."

Tulifika Sigunga asubuhi. Kule hakuna gati, meli husimama ndani ya maji na mitumbwi inakuja kuchukua watu. Tulishuka kwa ngazi ya kamba, yeye mbele, mimi nyuma. Kulikuwa na mawimbi, maji yanaruka, nikajifunika kanga mpaka usoni. Mpiga kasia alinitazama, akamtazama Mama Mwavita, akasema, "Kumbe kweli umempata." Mama Mwavita aliangalia chini kwenye maji ya ndani ya mtumbwi.

Nilidhani aliyekosea ni mpiga kasia peke yake. Tulipokaribia ufuko nikaona watu. Walikuwa wengi, wanawake mbele, na walipotuona wawili, mama na msichana, wakapiga vigelegele. Wakaingia majini mpaka magotini. Walikuwa wanaimba jina lake. Msichana mmoja aliushika ukingo wa mtumbwi anacheka na kulia, ananiambia, "Mwavita, mimi Zawadi, umenisahau?"

Miaka yote hii, nikikaa kimya peke yangu, namsikia Zawadi.

Nikaitoa kanga usoni. Vigelegele havikukatika mara moja. Vilikatika kidogo kidogo, kuanzia wa mbele kwenda nyuma, na wale wa nyuma kabisa waliendelea kuimba wakati wa mbele wameshanyamaza. Zawadi aliuachia mtumbwi.

"Teremka," Mama Mwavita akaniambia. "Sema."

Nikasimama kwenye maji. Nilisema jina langu, nikasema mimi ndiye niliyesema kwenye sinema. Hakuna aliyesikia. Mtu mmoja wa nyuma akasema nisogee, mwingine akasema, "Huyo ndiye msema sinema? Mbona kama bubu?" Mwenyekiti wa kijiji, mzee mwenye koti jeusi, akaniashiria nipande kwenye jiwe. Nikapanda. Nikasema tena, kwa nguvu zangu zote, ambazo si nyingi. Nikasema Mwavita hayupo, sijui alipo, mimi nilikuwa rafiki yake shuleni, nikaichukua sauti yake bila kumwuliza mtu, nikaitia kwenye sinema.

Hawakuamini. Ndiyo ilivyokuwa, na sikuwa nimeifikiria hiyo. Wakasema nimelipwa, wakasema Mwavita ameolewa huko mjini na anaficha, wakasema mimi ni mtumishi wake. Mwenyekiti akainua mkono. Alikuwa mtu wa haki. Akasema, "Binti, kama ni wewe, sema kama ulivyosema kule ndani, tusikie sote."

Nikamtazama Mama Mwavita. Alinitazama kidogo, kisha akageuka akaelekea ziwani, akachukua ncha mbili za kanga yake, akaziba masikio.

Nikasema. Hapakuwa na kanga ya kujificha, walikuwa wananiona mdomo. Nilivuta pumzi puani na wanawake wa mbele wakarudi nyuma kabla hata sijafika kwenye neno. "Mama, ni mimi. Nimerudi. Nifungulie."

Mwanamume mmoja aliyesimama pembeni, ambaye baadaye nilijua ndiye baba yake, alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, akawa hajui aiweke wapi. Mwenyekiti akasema, "Inatosha." Wanawake wawili watu wazima wakaenda kwa Mama Mwavita pale majini, wakamtoa mikono masikioni polepole, wakamshika mabega. Wakatandika mkeka pale pale juu ya changarawe, wakamketisha, wakamnyoosha miguu. Ndipo alipolia. Miaka miwili yote ilitoka pale.

Mimi nikashuka kwenye jiwe nikaelekea kwenye mtumbwi. Mama Mwavita akaniona. Akapiga mkeka kwa kiganja, kando yake.

"Unakwenda wapi? Kaa. Msiba ni wako pia."

Nilikaa matanga siku tatu. Wanawake wale waliniuliza habari za Mwavita wa Ujiji, Mwavita ambaye wao hawakumjua, alikula nini, alipenda somo gani, nani alimpiga fimbo. Nikawajibu. Siku ya kwanza walikuwa wanainama kunisikia. Siku ya tatu Zawadi akaja kukaa karibu yangu, hakusema kitu, akanisaidia kuchambua mchele.

Niliporudi Kigoma Mzee Bilali alikuwa hajaufuta utepe. Aliningoja mimi niufute. Nikaufuta, kisha tukaunasa upya ule mwisho, safari hii bila kuazima. Sauti nyembamba ya msichana mwenye haya, basi. Kagoma akasikiliza, akakuna kichwa, akasema haisisimui kama ile ya kwanza. Mzee Bilali akamwambia, "Peleka hivyo hivyo." Na tangu hapo, kila sanduku la bati lilitoka na karatasi ndani: sauti ya fulani ni ya fulani, ameridhia. Mama wa migebuka tulikwenda kumwomba kwa miguu. Alitutukana kwanza, halafu akataka kusikia, halafu akasema mama mkwe yule bado mpole mno.

Baada ya miezi mingi meli iliipeleka sinema ile kusini tena. Niliomba wairuke Sigunga. Mwenyekiti ndiye aliyeandika kwamba wanaitaka. Kagoma aliporudi hakuwa na mzaha. Akaniwekea mezani kifurushi cha dagaa.

"Kimetoka kwa Mama Mwavita. Alikaa mstari wa mbele mpaka mwisho. Amesema nikuulize, yule binti wa mlangoni sasa ni sauti ya nani?"

Nikamwambia, akirudi kule amwambie ni yangu.